Kisasi Kinapokuwa na Sababu

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Warumi 12:19: "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu, maana imeandikwa, Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana."

Naomba mnivumilie, maana nitapitia kwenye filamu ya kutisha. Saw X ilitoka mwaka 2023, ikiwa ya kumi katika mfululizo ulioanza 2004. Simshauri mtu kuitazama, na watoto ndio kabisa. Ila kisa chake kimenikaa. John Kramer ana saratani ya ubongo na madaktari wamemwambia siku zake zinahesabika. Anasikia kwamba kuna tiba mpya Meksiko. Analipa, analazwa, anazinduka kichwa kikiwa kimefungwa bandeji, anaambiwa uvimbe umetolewa. Anarudi kutoa shukrani, anakuta jengo halina mtu. Ndipo anapoifungua ile bandeji: ngozi nzima, hakuna mshono, hakuna hata alama ya wembe.

Aliyewahi kuuguza anaelewa. Mgonjwa aliyekata tamaa hana nguvu ya kuhoji. Akiahidiwa uzima atauza shamba. Marko anamtaja mwanamke aliyeteswa na matabibu wengi, akatumia vyote alivyokuwa navyo, na hali ikazidi kuwa mbaya (Marko 5:26). Luka, ambaye jadi inasema alikuwa tabibu, anakisimulia kisa hichohicho kwa upole zaidi kwa wenzake wa kazi. Ni binadamu.

Basi, Kramer anawakamata matapeli mmoja mmoja, na mtazamaji anajikuta yuko upande wake. Hapo ndipo nilipoguswa. Kisasi cha mtu mwovu hakitupi shida kukikataa. Kinachotunasa ni kisasi chenye sababu, cha aliyeonewa kweli, dhidi ya watu wasio na haya.

Tena msikilizeni anavyojitetea: yeye haui mtu, anawapa tu nafasi ya kuchagua. Aliyejifanya mtaalamu wa chumba cha upasuaji anatakiwa ajipasue kichwa mwenyewe huku saa ikikimbia. Akishindwa, eti kajiua. Sisi hatuna mitambo ya chuma, lakini lugha hiyo tunaijua sana. "Mimi sijamfanya kitu, kajitakia mwenyewe." Tunamwekea mtu mtego wa maneno mbele ya ukoo au kanisa, akianguka tunanawa mikono kama Pilato.

Paulo hasemi tusikasirike. Hasemi pia kwamba tapeli aachwe aendelee kula hela za wagonjwa. Aya chache mbele, Warumi 13:4, anasema mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Kwa hiyo tunza risiti, nenda polisi, peleka malalamiko kwa chombo kinachosimamia madaktari, waonye wengine kwa jina la kweli na ushahidi wa kweli. Na kama tapeli ni mchungaji anayeuza mafuta ya kuponya kansa, apelekwe hukohuko. Kumsitiri kwa kisingizio cha kulinda kanisa ni kumtafutia mgonjwa mwingine wa kumla. Tulichokatazwa ni kuwa mlalamikaji, hakimu na mtekelezaji kwa wakati mmoja.

Maandiko nayo yana tapeli wa tiba. Naamani, jemadari wa Shamu, aliponywa ukoma bure. Nabii Elisha alikataa zawadi zote. Gehazi, mtumishi wa Elisha, akamkimbilia Naamani kwa nyuma, akatunga uongo wa wageni waliofika ghafla, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi, akazificha ndani (2 Wafalme 5). Ukoma wa Naamani ukamshika. Adhabu nzito. Lakini Elisha hakumfunga kamba wala hakumwinda. Alimuuliza alikotoka, akamwambia ukweli usoni, akatamka hukumu ya Mungu, basi.

Ajabu ni kwamba habari haikuishia hapo. Katika sura ya 8 tunamkuta Gehazi akimsimulia mfalme matendo makuu ya Elisha. Wakati huohuo anaingia mama Mshunami, yule ambaye Elisha alimfufulia mwanawe, aliyekuwa amehama kwa sababu ya njaa na sasa analilia nyumba yake na shamba lake. "Ndiye huyu," anasema Gehazi, "na huyu ndiye mwanawe." Mfalme akaamuru arudishiwe mali yake yote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku alipoondoka.