Siku moja maishani mwangu: cherehani, mtego na paka wa Langoni

Saa 10 alfajiri. Mimi ni fundi cherehani hapa Langoni, mjini Lamu, na kabla ya adhana ndipo vichochoro vyetu vinapokuwa vya paka peke yao. Nilitega mtego nyuma ya gofu la nyumba lililo jirani na duka langu, ninase paka wa mtaani, daktari amfunge kizazi, kisha nimrudishe alipotoka. Tangu magharibi sikuwapa chakula: paka aliyeshiba haingii mtegoni, na anayekwenda kupasuliwa anatakiwa awe na tumbo tupu, asije akatapika akiwa chini ya nusu kaputi. Mtegoni nilitia kipande kidogo tu cha samaki, cha kunukia.

Saa 11 kasorobo. Mlango ulianguka. Ni yule jike wa rangi ya majivu niliyemwinda wiki tatu! Nilifunika mtego kwa leso upesi. Giza humtuliza paka; bila hivyo hujigonga pua kwenye nyavu mpaka ikatoka damu.

Saa 12. Nimetoka kuswali, kumekucha. Nikainua ncha ya leso, moyo ukanipasuka. Chuchu zilikuwa nyekundu, manyoya ya pembeni yamelala kwa mate. Ana watoto mahali.

Nilisimama pale muda mrefu. Nikimwachia, huenda asinase tena. Na paka anayenyonyesha aweza kushika mimba nyingine kabla hawa hawajaacha ziwa. Baada ya miezi miwili hivi wengine wako chini. Nikamchukua.

Saa 2. Daktari wa mifugo alimtanguliza mbele ya wote. Alinieleza kuwa mama anayenyonyesha hupasuliwa ubavuni badala ya tumboni ili matiti yasiguswe, na kwamba kufunga kizazi hakukaushi maziwa. Akiwa bado amelala atadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa na kukatwa ncha ya sikio la kushoto. Alama hiyo ndiyo itakayomwepusha kunaswa na kupasuliwa tena bure.

Saa 4. Kanzu mbili za harusi zinanisubiri. Mzee mmoja aliketi barazani akaniuliza, "Fundi, mbona wazuia kizazi alichoumba Mungu?"

Swali hilo silidharau. Nami nililala nalo miezi kabla sijanunua mtego. Nikamkumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. "Ami, hapa ni kisiwa. Bahari imewazunguka. Wakizidi chakula kilichopo, wataenda kujitafutia wapi?" Nikamweleza juu ya vitoto niliowazika mwaka jana, macho yamegandana kwa usaha, mbavu zahesabika.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Na yule shume wa mlangoni kwangu, anayepigana usiku kucha, wamchukua lini?"

Keshokutwa, inshallah.

Saa 7 mchana. Niliacha kazi nikafuata sauti. Walikuwa watatu, chini ya ngazi iliyobomoka gofuni, macho yamefunguka juzijuzi tu. Mtoto wa jirani alikwisha kuwawekea kibakuli cha maziwa ya ng'ombe. Nilimshukuru kwa huruma yake, nikamwambia maziwa hayo huwaharisha, na kuhara huwaua wadogo hawa haraka. Tukaweka maji badala yake, kwa ajili ya mama. Vitoto hatukuwagusa.

Saa 11 jioni. Nilirudi kwa daktari, nikamkuta yule jike ameamka kabisa, ananifokea. Ndivyo nitakavyo. Paka mwenye ulevi wa dawa hafunguliwi, huyumba akaanguka ukutani au majini.

Saa 12 na nusu. Vilio vilisikika tangu mwanzo wa kichochoro, vimekuwa vyembamba kwa njaa. Niliweka mtego mbele ya ngazi, nikafungua, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Alitoka mbio, akasimama, akageuza sikio lile lililokatwa kuelekea sauti. Akaingia gizani.

Nikabaki nimesimama mpaka vilio vikakoma, kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu.