Siku kisahani cha chuma na galiamu kilipofupika

Tulikitarajia kirefuke. Kisahani kilikuwa na kipenyo cha milimita 10 na unene wa milimita 2, galiamu asilimia 27 kwa hesabu ya atomi, kilichobaki chuma. Nilipopandisha uga wa sumaku taratibu hadi tesla 1, namba ya badiliko la urefu kwenye skrini ilishuka chini ya sifuri, ikabaki huko.

Asilimia 27 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Magnetostriksheni, yaani badiliko la urefu linaloletwa na sumaku, huongezeka kadiri galiamu inavyoongezwa kwenye chuma. Kilele cha kwanza huwa karibu na asilimia 19. Hapo hushuka, kisha hupanda tena karibu na 27, ambako fuwele hulegea mno inaposukumwa kwa mshazari. Katika fuwele moja nzima, tofauti ya urefu kati ya uga uliolala sambamba na ukingo wa mchemraba na uga unaoukata kwa pembemraba hufika karibu sehemu 400 kwa milioni. Chetu kilikuwa na fuwele nyingi zilizoelekea kila upande, kwa hiyo tulitazamia kidogo kuliko hapo. Lakini chanya.

Tulikuwa tumeyeyusha gramu 20: chuma 13.68, galiamu 6.32. Galiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 29.8 tu, hivyo usipoipoza kwanza ikaganda, itanata kwenye chombo na mizani itakudanganya. Ukipoteza gramu 0.1 yake, asilimia hushuka kwa 0.3. Tuliyeyusha kwa arki ya umeme ndani ya agoni, gesi isiyoungana na metali, juu ya sahani ya shaba inayopozwa kwa maji, tukitanguliza kipande cha titani kiyeyuke na kufyonza oksijeni iliyosalia. Bonge liligeuzwa na kuyeyushwa tena mara tano, kwa sababu bila hivyo upande mmoja hubaki na galiamu nyingi.

Namba ikisoma hasi, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Geji yetu, kipande cha foili kinachobandikwa kwenye kisahani ili kupima badiliko la urefu, ilikuwa ya omu 120. Kwa badiliko la urefu la sehemu 100 kwa milioni, ukinzani wake hubadilika omu 0.024 pekee. Joto nalo huvuruga: nyuzi moja hurefusha chuma kwa takriban sehemu 12 kwa milioni, ndiyo maana geji ya pili hubandikwa kwenye kipande kingine cha aloi (mchanganyiko wa metali) hiyohiyo, nje ya uga, ili ifute kosa hilo. Nilizikagua zote mbili. Kisha nikaweka nikeli, ambayo inajulikana kufupika kwa zaidi kidogo ya sehemu 30 kwa milioni. Ilifupika vilevile. Waya hazikuwa na kosa. Kisahani kilikuwa kinasema kweli.

Jibu lilikuwa kwenye daftari la tanuru. Sampuli ilikaa saa 24 kwenye nyuzijoto 1,000 ndani ya neli ya kwatzi iliyozibwa, halafu tanuru likazimwa na kuachwa lipoe lenyewe usiku kucha. Ilipaswa kutoswa majini. Kwenye joto la juu atomi hujipanga kimchemraba na moja katikati; ukitosa, mpangilio huo hubaki, ukiwa na utaratibu uitwao D03, nao hurefuka kwenye uga. Ukipoza polepole kati ya nyuzi 600 na 450, atomi hupata nafasi ya kuhamia mpangilio mwingine, L12, wenye atomi katikati ya kila uso wa mchemraba. Huo hufupika.

Eksirei ilithibitisha: kila mpangilio wa atomi huirudisha kwa pembe zake, zinazoonekana kama mistari. Tulitumia neli ya kobalti, kwani ile ya shaba huamsha mng'ao wa chuma wenyewe na kufunika mistari dhaifu. Mstari mkuu wa D03 hukaa karibu na pembe ya digrii 51.7, wa L12 karibu na 49.8. Wetu ulikuwa kwenye 49.8, na pembeni yake kijilima kidogo tu cha ule mwingine.

Tulibandua geji, maana gundi haivumilii tanuru, tukakirudisha kisahani kwenye nyuzi 1,000 kwa saa moja, tukakitosa. Neli ya kwatzi lazima ivunjwe palepale majini. Isipovunjika, gesi iliyo kati ya kioo na chuma huchelewesha upoaji, na unarudi ulikotoka. Geji mpya ilisoma chanya.

Ndipo tukafanya kwa makusudi kile kilichotokea kwa bahati mbaya: kukipasha kisahani kwenye nyuzi 500, kidogokidogo, na kupima kila baada ya kipindi. Namba ilipungua, na kipimo kimoja kikatua karibu kabisa na sifuri. Mtu angeona hicho peke yake angeandika kwamba aloi hii haina magnetostriksheni, kumbe fezi mbili, yaani D03 na L12, zilikuwa zinavutana kwa nguvu sawa ndani ya kisahani kimoja. Kipimo kilichofuata kilikuwa hasi.