Maji Ndani ya Karatasi ya Kaboni

Kwa muda mrefu nilipima ubora wa uigaji wangu wa kompyuta wa seli ya haidrojeni, kifaa kinachotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, kwa grafu moja tu, ile inayoonyesha jinsi volteji inavyoshuka kadiri mkondo wa umeme unavyoongezeka. Mstari wa kompyuta ulipopita juu ya nukta zilizopimwa maabara, niliona kazi imekwisha. Siridhiki tena na grafu hiyo, na sababu yenyewe ni maji.

Katika seli yenye utando wa polima, haidrojeni huachana na elektroni zake upande wa anodi. Protoni hupenya utando, elektroni huzunguka kupitia waya wa nje, na zote hukutana na oksijeni ya hewa upande wa kathodi na kuwa maji. Kiasi chake hakibahatishwi, kwa kuwa kila molekuli ya maji hutumia elektroni 2: seli yenye eneo la sentimita za mraba 300, ikitoa ampea 1 kwa kila sentimita ya mraba, huzalisha takribani gramu 100 za maji kwa saa. Utando unayahitaji, maana ukikauka protoni hupita kwa shida. Yakizidi, huziba njia ya oksijeni. Modeli ya mtafiti Springer na wenzake wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani, iliyochapishwa mwaka 1991, ilihesabu kwa makini maji ya ndani ya utando, na wengi wetu tungali tunaitegemea.

Tatizo langu liko nje ya utando, kwenye karatasi ya kaboni iliyo kati ya kichocheo, yaani tabaka linaloharakisha mmenyuko, na mifereji ya gesi. Unene wake ni kama milimita 0.2, na nyuzi zake hupakwa Teflon ili zikatae maji. Humo maji hufanya kama yanavyofanya juu ya jani la gimbi: hayatandazi, hujikusanya kuwa matone, na hayasogei mpaka yasukumwe. Ili yaingie kwenye kitundu chenye nusu kipenyo cha mikromita 10, panahitajika kanieneo ya takribani kilopaskali 4. Kitundu chenye upana maradufu huhitaji nusu yake. Kwa hiyo maji huchagua vitundu vipana na kuiachia gesi vile vyembamba.

Modeli nyingi, yangu ikiwemo, hazivioni vitundu hivyo. Huichukulia karatasi kama kitu cha namna moja, kisha hukadiria kanieneo ya maji kwa uhusiano wake na kiasi cha maji kwenye vitundu, ambao mtafiti Leverett aliuchapisha mwaka 1941 kutokana na majaribio ya mchanga, kwa ajili ya wahandisi wa mafuta. Mchanga hupenda maji, ilhali karatasi hii huyakataa. Tena unene wake ni wa vitundu kumi hivi tu, idadi ndogo mno kwa wastani kuwa na maana.

Nilitambua uzito wa jambo hili nilipobadilisha namba moja ya uhusiano huo, maji ndani ya karatasi yakaongezeka karibu maradufu, na volteji ikashuka. Nikarekebisha kasi ya oksijeni kupenya kwenye karatasi, namba ambayo hakuna aliyenipimia, na mstari ukarudi palepale juu ya nukta za maabara. Seli mbili zenye maji tofauti kabisa zilinipa grafu moja.

Ndiyo maana picha za nyutroni, kama zile za Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi, zina thamani kubwa kwangu. Nyutroni hupenya alumini kwa urahisi lakini hutawanywa sana na haidrojeni, hivyo maji huonekana wakati seli inafanya kazi. Mara nyingi huonekana yametuama chini ya kuta zinazotenganisha mifereji, mahali palipopoa zaidi na pasipofikiwa na upepo wa gesi.

Sasa ninaiga kwanza kipande kidogo cha karatasi, kitundu kwa kitundu, kisha uhusiano unaopatikana humo ndio ninaoupeleka kwenye modeli ya seli nzima. Kazi hii inakula siku nyingi za kompyuta. Katika jaribio la kwanza maji yalituama chini ya kuta, kama kwenye picha, lakini volteji ilitofautiana na ile iliyopimwa maabara kwa milivolti 30. Sijaigusa namba yoyote ili kuirudisha.