Kiti cha Mbele

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Yakobo 2:1-9. Kabla hamjalifungua, niwasimulie habari za mtu ambaye huenda hamkutarajia kukutana naye hapa: George Formby, mwimbaji mchekeshaji wa Uingereza aliyepiga banjo ndogo ya ukulele. Baadhi ya nyimbo zake zilikuwa na mafumbo ya chumbani, BBC wakazizuia. Kanisani hatuziimbi, wala sikumleta kwa ajili ya nyimbo hizo.

Alizaliwa Wigan mwaka 1904 akiwa haoni, akafumbuka macho akiwa bado mchanga, baada ya kukohoa kwa nguvu. Utoto wake uliishia kwenye mafunzo ya kuendesha farasi wa mashindano. Shule ikampita, hata ukubwani kusoma kulimpa taabu. Baba yake, naye mchekeshaji, alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1921, kijana akapanda jukwaani. Mkewe Beryl ndiye aliyeshika mikataba na fedha, mwanamke mkali kwelikweli.

Mwaka 1946 wawili hao walikwenda Afrika Kusini. Ubaguzi ulikuwa umeshatamalaki, ingawa jina la apartheid lilikuwa bado halijawa sera ya serikali. Wakakataa kutumbuiza kwenye kumbi za kibaguzi, wakawaimbia watu weusi. Inasimuliwa kwamba siku moja binti mdogo mweusi alimletea Beryl boksi la chokoleti, na George akamkumbatia mtoto yule mbele ya watu wote. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Baadaye simu ikalia: Daniel Malan, kiongozi wa chama cha National, analalamika. Beryl akamjibu kwa tusi nisiloweza kuliandika hapa.

Tusi silitetei. Ila kuna jambo linaninyima usingizi: kabla ya siasa, Malan alikuwa mchungaji. Waraka wa Yakobo, unaokataza kupendelea watu, ulikuwamo ndani ya Biblia yake. Aliyeukumbatia ujumbe wake siku ile ni mchekeshaji ambaye hata kusoma kulimpa taabu.

Wapendwa, mimi nami Biblia ninayo. Mwaka jana, siku ya sadaka ya mavuno, nilikuwa zamu mlangoni. Akaja mgeni mwenye suti, nikampeleka mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, nikamwekea na maji. Nyuma yake akaja bibi mmoja, kandambili zimejaa vumbi, mkononi ana mayai matatu yaliyofungwa kwenye gazeti. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Mbele vilibaki viti viwili vitupu, nami nilikuwa naviona. Nikamwambia, "Bibi, kaa pale kwenye ngazi."

"Asante, mwanangu," akanijibu.

Akakaa na mayai yake mapajani, ameyazungushia viganja ili yasivunjike, na kila mtu alipopita, bibi alibidi asogeze miguu kumpisha. Ibada ile ilikwenda karibu saa tatu.

Yakobo anamtaja mtu anayemwambia maskini asimame kule, au aketi chini, miguuni pake. Mstari huo nimeusoma tangu nikiwa darasa la kipaimara. Wiki hii ndipo nimeisikia sauti yangu ndani yake.

Jumapili hii zamu ni yangu tena. Bibi bado anakuja, na siku hizi akifika haniulizi. Anakwenda mwenyewe moja kwa moja kwenye ngazi. Nataka nimshike mkono kabla hajaketi. Niombeeni.