Mo na mkono mmoja
Jana usiku nimezama kwenye kazi za mpiga picha za habari Mohamed Amin, "Mo", usingizi ukapaa. Mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi, 1943, akakulia Dar, na hapo hapo Dar akaanzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, mwaka 1963. Kijana mdogo kabisa!

Wengi wanamjua kwa picha zake za baa la njaa Korem, Ethiopia, 1984: alfajiri ya baridi, umati wenye njaa umejifunika mashuka, wengine hawaamki tena. Dunia ikashtuka, michango ikamiminika.

Mimi kinachonishika ni 1991. Ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Nami nikipiga picha harusi moja tu nalalamika bega!

Alifariki 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro.

Mwenye kitabu cha picha zake, jamani, naazima.