Siku ya Shakevale juu ya Kigoma

Watu wakisikia mnakwenda kuhesabu tai na shakevale wanaohama hudhani mnaelekea Gombe, au porini ndani kabisa. Machi ile kituo chetu kilikuwa kilima cha nyasi kaskazini mwa mji wa Kigoma, upande wa barabara ya Mwandiga, mahali ambapo pikipiki zilisikika vizuri tu. Kilichotupeleka pale ni ziwa. Shakevale, ndege wawindaji wenye mabawa mapana, na tai hawasafiri kwa kupiga mabawa. Huzunguka ndani ya hewa moto inayoinuka kutoka ardhini mpaka wafike juu, kisha hukunja mabawa kidogo na kuteleza kwenda mbele hadi wakutane na hewa nyingine inayopanda. Juu ya maji hewa hiyo haipatikani. Nalo Ziwa Tanganyika, kwa urefu wake wa kilomita zipatazo 670, limelala kaskazini kwa kusini, kwa hiyo ndege anayetoka kusini mwa Afrika kurudi Ulaya Mashariki na Urusi hana sababu ya kulivuka. Vilima vya kando yake vinamtosha.

Mtu anayehesabu ndege wakati wanaporudi kaskazini hukaa akitazama kusini, kwa hiyo pale kilimani maji yalikuwa mkono wa kulia. Tulikuwa wanne. Wawili walitazama kwa darubini za mkono za kukuza mara nane, mmoja alikaa na darubini kubwa ya miguu mitatu, na wa nne aliandika. Mwandishi hatazami angani hata akisisimka vipi, maana akitazama, fomu inaachwa. Aliandika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hutawanyika karatasi ikipata matone, na Machi ya Kigoma matone hayakosi. Watazamaji walipokezana kila baada ya nusu saa. Macho yaliyochoka hayakwambii kwamba yamechoka, yanaacha tu kuona ndege wa mbali.

Usiku ilikuwa imenyesha sana, na hilo liliamua asubuhi yote. Ardhi iliyolowa huchelewa kutoa hewa moto, kwa sababu jua hutumia nguvu zake kwanza kukausha maji. Siku kavu shakevale wa kwanza huweza kuonekana saa tatu. Siku ile saa tatu ilipita, saa nne ikapita, na mwandishi akaandika sifuri mbili. Sifuri ni lazima iandikwe. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama ndege hawakuwepo au kama watu walikwenda kunywa chai.

Mchwa wao hawakungoja. Kumbikumbi walikuwa wakitoka kwenye kichuguu chini ya kilima, na watoto wa jirani walishafika na ndoo. Kumbikumbi ni chakula cha safari pia kwa tai wa nyika, kwa tai wadogo wenye madoa na kwa kozi wa Amur, ndege ambao watu wengi hudhani wanakula nyama tu. Ndiyo maana mvua inayowachelewesha ndiyo hiyo hiyo inayowalisha. Waliokuwa wakizunguka juu ya kichuguu asubuhi ile hawakuingia kwenye hesabu, kwa kuwa walikuwa wakila na hawakuwa wakisafiri. Hawakuingia pia mwewe wa midomo ya njano waliokuwa wakipanda kutoka mwalo wa Kibirizi walikofuata dagaa, wala yule tai mweupe na mweusi anayekula matunda ya michikichi. Hao ni wenyeji. Mgeni wa kazi hii huwahesabu mara kumi kwa siku moja bila kujua.

Saa nne na nusu hivi kundi la kwanza lilianza kujenga mzunguko kusini yetu, juu ya mashamba ya mihogo. Kijana mmoja akashika kihesabio chake cha kubonyeza.

"Bado, mdogo wangu," kiongozi akamwambia. "Waache wafike juu."

"Lakini kaka, si watapita?"

"Ndio tunaowataka, hao wanaopita."

Kuhesabu ndege walio ndani ya mzunguko hakuna faida. Wa upande wa mbali wanafunikwa na wa karibu, wengine wanaingia kwa chini huku wa juu wameshaanza kuondoka, na mtu huishia na namba aliyoibuni. Wakifika kileleni hutoka mmoja mmoja na kuteleza kwa mstari, na hapo ndipo wanahesabika. Unachagua alama isiyosogea, kama mnara wa simu, na kubonyeza kila ndege anapoivuka. Wingu halifai kwa alama, maana linatembea, ila linafaa sana kwa kuwaona: ndege mweusi juu ya weupe hajifichi, lakini kwenye anga la buluu tupu anapotea hata kwa darubini nzuri. Kama hakuna mnara, darubini kubwa inakazwa isicheze, na unahesabu wanaokatiza duara lake. Mkondo ukiwa mzito, kila bonyezo huwa ndege 10, na mwandishi anaambiwa kabla, si baadaye. Kubadili kipimo katikati ya kundi kimya kimya kumeharibu fomu nyingi kuliko mvua.

Wawili walihesabu mkondo ule bila kusemezana, na namba zao hazikulingana. Iliandikwa ya mtazamaji wa zamu. Wapo wanaopenda kuchukua wastani. Mimi siupendi, kwa sababu unaleta namba ambayo hakuna aliyeiona.

Walikuwa shakevale karibu wote: mabawa mapana yaliyoinuliwa kidogo, mkia mwekundu wa kutu, ukingo wa nyuma wa bawa mweusi. Katikati yao walikuwemo tai wadogo wenye madoa, na hao hutambulika kwa jinsi mabawa yanavyoinama chini wanapoteleza. Korongo wachache walizunguka pamoja nao. Shingo na miguu iliyonyooka iliwafichua, wakaandikwa pembeni. Waliokuwa juu mno waliandikwa "shakevale au tai, hawakutambuliwa". Safu hiyo ikiwa tupu siku nzima, mimi huitilia shaka fomu yote. Mapema Machi jua la mchana Kigoma linasimama karibu utosini, hewa moto inawapeleka juu kabisa, na anayetazama hulala chali kwenye mkeka kuokoa shingo. Darubini kubwa saa hizo hushushwa ukuzaji, maana kwa mara 60 kinachoonekana ni mtetemo wa joto tu.

Baada ya saa saba mkondo ulikatika ghafla, na wa kwanza kudhani wamekwisha walianza kufungua chakula. Kumbe upepo wa ziwa ulikuwa umeamka. Hupuliza kutoka majini kwenda nchi kavu, ukigonga vilima unapanda, na pia unasukuma hewa moto ndani zaidi, mashariki. Ndege walikuwa wakipita mashariki yetu, juu ya kilima cha pili, chini kuliko asubuhi. Kituo kinachofaa asubuhi na mchana kwa pamoja ni nadra pale. Palihitaji watu wengine wawili kilima hicho cha pili na simu zenye chaji, na makubaliano kwamba anayepita kati ya vituo viwili ni wa kituo cha magharibi, asihesabiwe mara mbili. Siku ile tuligeuza viti, na badiliko la uelekeo likaandikwa na saa yake.

Mvua ilirudi saa tisa na dakika 25. Saa ile iliandikwa dakika 25 za kutazama, si saa nzima, kwa kuwa kinacholinganishwa mwaka hadi mwaka ni ndege kwa kila saa ya kutazama. Tai watatu waliotua mitini chini ya kilima kabla ya matone hawakuandikwa. Wangeingia kwenye fomu ya kesho yake, ikiwa wangeondoka na kuuvuka mnara.