Ukuta wa mbele, wiki ya 14: chumvi haijarudi, isipokuwa kona moja

Wiki ya 14 tangu mkono wa mwisho wa rangi. Masika yote yameshapiga, na ule mkanda wa chini wa ukuta wa mbele haujatoa hata lengelenge moja. Kwa nyumba ya Kigamboni iliyopakwa mara mbili na ikabanduka mara zote mbili, nafurahi kuliandika hili.

Katika ukarabati huu, fisha bodi (mbao za ukingo wa paa) na grili za madirisha zilikwenda vizuri, sina la kuongeza. Kazi yenyewe ilikuwa sentimita 90 za chini.

Dalili ilikuwa malengelenge. Ukilibonyeza moja linapasuka, ndani unakuta unga mweupe laini kama pamba, na lipu iliyo nyuma yake inamong'onyoka kwa ukucha. Wengi huita fangasi, lakini fangasi mara nyingi ni weusi au kijani na hukaa juu ya rangi. Hii ni chumvi, nayo hukaa nyuma. Maji hupanda ndani ya tofali yakiwa yamebeba chumvi ya ardhini, au ya mchanga wa baharini usiooshwa. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki inaganda, na inavyozidi kukua inaisukuma rangi. Hakuna rangi ya kopo, hata iwe ghali vipi, itakayozuia msukumo huo.

Ndiyo maana tiba iliyojaribiwa mara ya pili, lipu ya saruji bila chokaa (saruji 1 kwa mchanga 4) yenye dawa ya kuzuia maji, iliharibu zaidi. Maji yalipofungiwa mlango yakapanda: alama ikatoka sentimita 60 hadi 90, na sebuleni ukuta ukaanza kulowa.

Chanzo kilikuwa pevingi (vitofali vya kutandika chini, nje ya nyumba). Nailoni ya msingi, inayozuia unyevu wa ardhini kupanda ukutani, ipo na ni nzima, ila pevingi zilipangwa sentimita 7 juu ya usawa wake, na lipu ikashushwa hadi mchangani. Lipu ikawa utambi, inanyonya chini ya nailoni na kupeleka juu yake.

Dawa ilianzia chini. Pevingi ziling'olewa upana wa sentimita 40 kwa urefu wote wa ukuta, mita 11, na udongo ukashushwa hadi sentimita 15 chini ya nailoni. Lipu ikabomolewa hadi mita 1.2, maana inabidi uvuke alama ya juu kabisa kwa sentimita 30 au zaidi, la sivyo chumvi inatokea pembeni ya kiraka. Tofali zikasuguliwa zikiwa kavu, unga ukazolewa. Usioshe: maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Asidi ndiyo mbaya kabisa, inakula saruji na kuacha chumvi nyingine. Ukuta ukaachwa wazi wiki 6 za jua la kiangazi, na kila wiki unga uliotokea ukafagiliwa.

Lipu mpya ni 1:1:6, saruji, chokaa iliyozimwa na mchanga wa mto. Kwa mita za mraba 13 na unene wa milimita 15 katika tabaka mbili: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mfuko mmoja wa chokaa wa kilo 25, ndoo 10 hadi 11 za mchanga za lita 20. Chokaa huacha lipu ipumue. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zinapozibwa kwa saruji huanza kuumwa ugonjwa huu huu. Lipu inaishia juu ya nailoni, ikikatwa kwa grinda mstari ulionyooka. Isiguse ardhi kabisa. Nyunyizia maji siku 5, kisha ngoja wiki 4. Rangi ni ya maji, ya nje, isiyong'aa, mikono miwili; kopo la lita 4 linatosha mkanda huo. Puti, ile ya kulainisha ukuta kabla ya rangi, nimeiacha kabisa huku chini.

Kuhusu vifaa: kipimo cha unyevu chenye sindano mbili kinadanganya hapa, kwa sababu chumvi hupitisha umeme na namba inapanda hata ukuta ukiwa mkavu. Nailoni ya sentimita 50 kwa 50, iliyobandikwa ukutani kwa selotepu pande zote kwa saa 48, inasema kweli: matone yakitokea upande wa ukutani, usipake. Brashi ya waya ya mkono naipenda kuliko ya grinda, ambayo inachimba tofali.

Mpango ulikuwa kubandika mawe ya urembo kwenye mkanda huu. Nimeufuta, maana gundi yake ingeziba tena. Badala yake mtaro uliobaki pevingi zilipong'olewa umejazwa kokoto nyeusi, na chini yake kuna mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje. Kokoto nyeusi chini ya ukuta wa rangi ya mchanga zimebadilisha sura ya nyumba kuliko nilivyotegemea kwa mawe, na matone ya paa hayarushi tope tena. Kazi ya geti imesimama kwa sasa, nataka kwanza kuzungusha kokoto hizo hadi ubavuni.

Kona ya bomba la bustani bado inatoa unga kidogo. Bomba linavuja kwenye jointi. Hilo likizibwa, nailoni inabandikwa tena pale saa 48.